Mlango Haufungwi kwa Nyonga

Mwenye Land Rover kuukuu utamjua sokoni Litein hata kabla hujaliona gari lake. Ni yule anayeshuka kwa awamu. Anasukuma kioo nyuma, anatoa mkono nje, anafungua kitasa kwa nje kwa kuwa cha ndani kilishakata roho. Anashuka, anageuza mgongo, anaupiga mlango kwa nyonga. Mlango unamrudia. Anaupiga tena, unamrudia tena, na sasa watoto wa sokoni wameanza kuhesabu. Mwishowe anaushika kwa chini, anaunyanyua kama anayemtwika mwenzake gunia la majani chai, anausukuma kwa goti, na hapo unakubali. Kisha anakimbia upande wa pili kumwonya abiria: "Huo wako usiuguse, mzee, nitakufungulia mwenyewe."

Mwongozo huu ni wake. Namtania kwa sababu ni mtu wangu, na kwa sababu mateso hayo hayana lazima. Mlango wa Land Rover ya Series, iwe II, IIA au III, ukikaa sawasawa hufungwa kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kikombe cha chai. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, katika gari lililobeba watu na mbolea miaka mingi kwenye vilima vya Konoin.

Hatua ya kwanza: weka nyundo chini. Iweke mbali, hata umpe jirani aende nayo nyumbani. Mafundi wa bodi tulio nao kati ya Kericho na Bomet ni watu hodari, lakini wapo wenye ugonjwa mmoja: mlango ukigusa, wanaupunguza. Namkumbuka mmoja aliyeletewa mlango wa dereva uliokuwa ukikwaruza nguzo ya nyuma. Akawasha grainda, akala ukingo karibu sentimita nzima, mlango ukafunga, mwenye gari akalipa na kushukuru. Mvua za Aprili ziliponyesha maji yakaingia mpaka kitini. Walipoinua gari wakakuta mkono wa chesisi unaoshikilia ukuta wa mbele, ule unaobeba bawaba za milango, umeoza, na ukuta wenyewe umelala nyuma. Mlango ulikuwa mzima siku zote. Umekatwa bure, na alumini iliyokatwa hairudi.

Nyumbani kwetu kibuyu cha maziwa ya mursik, sotet, kina kifuniko chake. Kikikataa kuingia, mama hachukui kisu akakichonga kifuniko. Anakigeuza kibuyu kwanza, anatazama kama mdomo umepasuka au umejipinda kwa jua. Seremala naye akiitwa kwa mlango unaokwama hutazama fremu kabla ya kugusa randa. Bodi ya gari ni vivyo hivyo. Na Kericho ni mji uliopaswa kulijua hilo kuliko miji mingine, maana ufundi wa kuunganisha mbao na chuma una historia hapa. Pale lilipo leo gurudwara kubwa la mjini, hekalu la Makalasinga, palikuwa na karakana ya mafundi wao iliyoitwa Kericho Wagon Works. Mji huohuo ndiko alikozaliwa Joginder Singh mwaka 1932, fundi na dereva aliyekuja kushinda mbio za magari za Safari mara 3: mwaka 1965 kwa Volvo PV544, gari lililokuwa limeshatumika, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba gari la mitumba haliwezi kukaa sawa. Aliyezaliwa Kericho alilifikisha la mitumba mbele ya magari mapya.

Sasa elewa unachokishika. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, hivyo Rover wakaivika bodi ya aloi ya alumini iitwayo Birmabright, juu ya chesisi ya chuma. Uamuzi huo wa shida ndio uliolifanya gari hili lizeeke vizuri katika nchi ya mvua. Alumini haioti kutu nyekundu. Lakini pale alumini inapolalia chuma na maji yakapita katikati, metali hizo mbili hulana, na inayoliwa ni alumini. Utaona unga mweupe kama chumvi kuzunguka kila bolti. Ongeza mbolea ya NPK 26:5:5 iliyomwagika bodini kila msimu ikayeyuka na umande, basi ulaji huo unakwenda mbio. Mlango wa Series ni fremu ya chuma iliyovikwa ngozi ya alumini, na fremu huoza kwa chini, mahali ambapo maji hujikusanya, wakati ngozi ya nje bado inang'aa na kukudanganya.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata washa moja, fanya hivi. Fungua mlango nusu, ushike mwisho wake wa kitasa, unyanyue polepole. Ukipanda na kushuka kabla bawaba haijasogea, pini za bawaba zimelika. Badilisha hizo kwanza, maana huwezi kupima kitu kinachotembea. Kisha chukua bisibisi uchokoe chini ya fremu, chini ya nguzo za ukuta wa mbele, pale penye pedali, na pembe za juu karibu na matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo. Ukuta wa mbele ninaousema ni ule unaobeba dashibodi, pedali na kioo, na ndio unaobeba bawaba za milango pia. Bisibisi ikipenya, hapo hakuna mpango wa milango. Hapo kuna kazi ya kuchomelea, na ifanywe huku fremu imefungwa kwa vyuma vya kuikaza, la sivyo joto litaivuta na utajikuta umechomelea kosa likae milele.

Gari lisimame kwa magurudumu yake, mahali tambarare, injini na giaboksi zikiwa ndani. Hili watu hulipuuza sana. Chesisi hunyumbuka chini ya uzito, na mlango uliopangwa gari likiwa juu ya mawe au likiwa tupu utakataa siku utakaposhusha gari. Tambarare huku kwetu ni bidhaa adimu. Kericho iko juu karibu mita 2,000 na kila kiwanja kimeinama kuelekea bonde fulani. Tafuta sakafu ya saruji, hata ya kituo cha kununulia majani siku isiyo ya mavuno, ukiomba kwa adabu. Kama hakuna, sawazisha kwa mbao chini ya matairi na bomba la maji la plastiki kama wajengaji wanavyofanya.

Halafu kamba. Funga kamba kutoka pembe ya juu mbele ya tundu la mlango hadi pembe ya chini nyuma, kisha nyingine kinyume chake. Pima upande wa kushoto, pima wa kulia, andika kwa chaki ukutani. Urefu wa kushoto ukitofautiana na wa kulia, gari limejipinda, na hapo ndipo ugomvi wako ulipo. Milango utaikuta haina hatia.

Sasa siri kubwa, na ningependa uiandike kwenye mlango wa banda: usikaze kitu. Ukuta wa mbele ukae juu ya mikono ya chesisi, bolti zake ndefu mbili zikiwa zimeingia lakini zinazunguka kwa vidole. Bodi ya nyuma ikae mahali pake, nayo imelegea. Vizingiti vya chini ya milango vilegee. Toa mipira yote ya milango, toa vitasa, toa kile kipande cha nguzoni kinachopokea ulimi wa kitasa. Unataka mlango uning'inie kwa bawaba peke yake, usisaidiwe na chochote, ukueleze ukweli. Kitasa kilichobaki huuvuta mlango mahali usipopenda na kukufanya uamini umemaliza. Mpira nao huusukuma nje.

Tundika milango yote miwili. Tazama mwanya wa nyuma, kati ya mlango na nguzo. Mimi hulenga milimita 4 hadi 5, ulingane toka juu hadi chini, na sihitaji kifaa cha dukani kuupima: rodi ya kuchomelea ya geji 10 ni milimita 3.2, ya geji 8 ni milimita 4. Ng'oa ile ngozi ya unga, una vipimo viwili kwa bei ya chenji. Vipitishe kuzunguka mlango wote. Panapokaba, weka alama.

Mlango ukianguka kwa nyuma, mara nyingi ukuta wa mbele umelala kuelekea kiti. Mwombe mwenzako aurudishe mbele kidogo sana huku wewe umeshika nyuma ya mlango, na utaona ajabu ambayo hunifurahisha kila mara: ukuta unasogea kidogo tu, na mwisho wa mlango unapanda kwa kiasi unachokiona kwa macho. Ni kwa sababu bawaba zimekaribiana na mlango ni mrefu, hivyo kila kosa dogo la mbele hukua likifika nyuma. Ndiyo maana nimesema uweke nyundo mbali. Kazi hii hutaka washa na vipande vyembamba vya bati, vya milimita 1 au nusu yake, chini ya miguu ya ukuta au nyuma ya bawaba. Ukiongeza kipande nyuma ya bawaba ya chini, mwisho wa mlango hupanda. Ukiongeza nyuma ya bawaba ya juu, hushuka. Jifunze hilo tu na umeshawapita mafundi wengi. Legeza bolti moja, sogeza, kaza, tazama. Ukilegeza zote kwa pamoja mlango utaanguka kwenye kidole cha mguu, na utakuwa umepoteza pale ulipoanzia.

Ikiwa mlango wa kulia unakaa na wa kushoto unagoma, usihangaike na wa kushoto peke yake. Ukuta ni kitu kimoja. Ukiinamisha upande huu, upande ule unajua. Utaenda na kurudi hivyo, kulia na kushoto, mara saba, mara kumi, na mtu asiye na subira ataanza kusema kwamba hizi Land Rover zilitoka kiwandani zimepinda. Ni kweli hazikutengenezwa kwa unyofu wa saa ya mkononi. Mianya yake ilikuwa mipana tangu mwanzo. Lakini mwanya mpana unaolingana ni kazi, na mwanya unaoanza kama uzi na kuishia kama mfereji ni uvivu.

Kabla ya kukaza, weka fremu ya kioo cha mbele na paa. Wengi huweka paa mwisho, na paa likikazwa huvuta kila kitu, na kazi ya siku tatu inaharibika kwa bolti nne. Paa likiwa mahali pake na nusu za juu za milango, zile zenye vioo, zimefungwa kwenye nusu za chini, tazama tena. Ndipo ukaze: miguu ya ukuta kwanza, kisha bodi ya nyuma, kisha vizingiti, ukipitisha rodi zako kati ya kila bolti na bolti. Madigadi hufuata milango, wala si milango kufuata madigadi. Boneti ni ya mwisho kabisa, na haina shida kubwa.

Isipokuwa kwa mawe. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, kiasi kwamba miaka ya 1960 ndege zilirushwa mawinguni kujaribu kuyapunguza yasichane majani ya chai. Boneti ya Land Rover ya huku ina mashimo kama uso wa mtu aliyepona tetekuwanga. Fundi wa haraka huyajaza fila na kupaka rangi, na baada ya barabara ya murram ya mwaka mmoja fila huanza kudondoka vipande. Alumini inataka kulainishwa kwanza, maana kila pigo huifanya iwe ngumu na mwishowe hupasuka. Nayo ina hatari yake: haiwi nyekundu motoni kama chuma. Aloi hii huyeyuka ghafla, hata kabla ya kufika nyuzi 660, bila kukuonya.

Dawa yake ni sabuni. Toa rangi yote, ukitumia msasa au dawa. Chukua sabuni ya mche, ile ya kufulia, ikiwa kavu, uchore mistari juu ya sehemu yenye mashimo kama mwalimu anavyochora ubaoni. Pasha kwa gesi upande wa chini, moto mpana, ukiutembeza bila kusimama. Mistari itageuka kahawia, kisha nyeusi. Ikishakuwa nyeusi tu, ondoa moto. Acha ipoe. Sasa alumini imelegea, na shimo litainuka ukilisukuma toka chini kwa mti laini uliochongwa mviringo, juu yake ukiwa umeweka mfuko wa mchanga. Anza pembeni mwa shimo uzunguke kuelekea katikati. Nyundo ya chuma hunyoosha alumini ikawa pana kuliko nafasi yake, na ngozi iliyotanuka haina pa kwenda. Itabenuka upande mwingine. Tumia ya mti. Nilikaa nusu siku nikitazama kazi hii kwenye boneti moja, na kila shimo lilipoinuka lilitoa kisauti kidogo, kama bati la paa jua linapochomoza.

Kila kitu kikikaa, vunja. Ndiyo, vunja tena. Piga picha, tia alama kila washa na ilikotoka, ifunge kwenye mfuko wake. Watu hukasirika hapa. Lakini rangi hupakwa milango ikiwa imetolewa, ili ifike ndani ya mikunjo, na mahali pa alumini na chuma papate ulinzi: rangi ya zinki kwenye chuma, utepe au washa za plastiki katikati, bolti mpya zilizopakwa zinki. Anayepaka kwanza na kupanga baadaye atakwaruza rangi aliyoilipia, na atasimama hapo akiitazama hiyo mikwaruzo kila asubuhi.

Ukirudisha, mipira mipya huingia mwisho, na mlango utaonekana umetoka nje kidogo. Usishtuke wala usiguse bawaba. Mpira mpya ni mgumu. Upe wiki kadhaa. Kinachosogezwa sasa ni kipande cha kupokea kitasa peke yake. Paka chaki kwenye ukingo wa mlango, ufunge, ufungue, tazama mahali ambapo chaki haikugusa mpira. Halafu chukua noti ya shilingi 100, ibane katika mlango, uivute. Ivutike kwa ugumu ule ule kila mahali. Ikitoka yenyewe, mvua ya saa tisa alasiri itaingia hapo hapo, na mvua ya saa tisa huku haikosi.

Jioni ya mwisho ya kazi ya gari lile la Konoin mvua ilikuwa imeshaanza kupiga mabati ya banda. Fundi alifuta mikono, akaushika mlango wa dereva kwa vidole viwili, akausukuma kama anayefunga kitabu. Ukaenda. Kitasa kikalia mara moja, tk, na nyuma yake ukimya, hakuna bati lililotikisika. Mwenye gari, mzee aliyekuwa akiufunga mlango ule kwa goti tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi, hakusema neno. Aliufungua, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga.

Ombi langu ni moja. Milango ya asili ya magari haya imelala nyuma ya mabanda na mazizi kutoka Kapkatet hadi Silibwet, na wanunuzi wa skrepu wanapita na mizani yao. Alumini huwa na soko. Mlango wako ukipimwa kwa kilo asubuhi, kabla ya juma kwisha umeyeyushwa na kuwa sufuria. Usiuuze. Kama fremu yake imeoza, fremu huchomelewa. Kama pini zimelika, pini huchongwa na fundi wa mashine ya kukereza kwa muda mfupi. Mlango uliotoka na gari lako ndio unaolijua tundu lake, na hata kama leo huna pesa za kuutengeneza, uegemeze ndani, mahali pakavu, juu ya mbao, usiguse udongo.